Watu Mia Mbili na Sitini Wasiokunywa Maziwa

Barua ya kumjulisha Eluned Probert kwamba ni tajiri ilifika Jumatano moja ya Februari, pamoja na tangazo la viatu vya wenye miguu mibovu na barua mbili zilizoandikiwa binti yake. Za binti yake aliziweka juu ya rafu kama kawaida. Ile ya utajiri aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi, kisha akampigia simu Meinir, ambaye wakati huo alikuwa ofisini Cardiff akila mkate kwa upande mmoja wa mdomo, maana gego lake la juu kushoto lilikuwa limeanza visa.

"Umekaa?" Eluned aliuliza.

"Nimekaa, Mama. Kazi yangu ni kukaa."

"Basi sikiliza. Sisi ni matajiri."

"Sisi nani?"

"Mimi. Na Nesta Beynon. Na Dilwyn mwenye kuku. Halmashauri wameandika. Kijiji kizima tuko fungu la juu kabisa la wilaya, kwa hiyo basi letu halihitaji kusaidiwa tena, kwa hiyo kuanzia Aprili hakuna basi. Nimeisoma mara mbili. Dilwyn kaisoma mara tatu, tena kwa miwani ya mkewe."

"Hizo takwimu wamezitoa wapi?"

"Si kwenu?" alisema mama yake. "Hapa chini pana jina la ofisi yenu. Nilimwambia Nesta, mwanangu ndiye anayezitengeneza hizo. Sasa hata kunisalimia hanisalimii."

Meinir aliuweka mkate chini. Basi lenyewe lilikuwa namba 62, na lilipita kijijini kwao, Cwm-y-Frân, Jumanne na Ijumaa, kwenda mjini asubuhi na kurudi mchana. Eluned alikuwa na miaka sabini na tisa na macho yasiyoruhusiwa tena kuendesha gari. Bila lile basi hakuna duka, hakuna hospitali, hakuna kutengenezwa nywele. Kulikuwa na chumba kimoja tu duniani ambacho angeweza kuhamia, nacho ni kile cha pili katika nyumba ndogo ya Meinir, ghorofa ya tatu, Cardiff. Krismasi iliyopita walikuwa wamekaa humo pamoja siku nne. Siku ya tano kila mmoja alimshukuru Mungu kwa siri.

"Sitahamia kwako," alisema Eluned, kana kwamba ameyasikia mawazo. "Lile bomba lako la kuogea linatema tu."

"Hakuna aliyekualika, Mama."

"Ndiyo hiyo. Hata kunialika hunialiki."

Meinir Probert alikuwa na miaka arobaini na sita. Hakuwa ameolewa, na hakuona sababu ya kumweleza mtu. Alizaliwa Cwm-y-Frân, katika nyumba ya mwisho mlimani, ambako upepo wa bonde huja kupumzikia. Katika kijiji kile nusu ya watu ni akina Davies na nusu iliyobaki wameoa huko, kwa hiyo mtu huitwa kwa kazi yake, la sivyo barua zote zingeishia mlango mmoja. Baba yake aliitwa Glyn wa Maziwa. Yeye mwenyewe, pamoja na shahada yake ya hesabu na miaka kumi na tisa ya utumishi, aliitwa Meinir wa Glyn wa Maziwa, na ataitwa hivyo hadi kaburini.

Kila alfajiri Glyn aliacha chupa za maziwa kwenye ngazi ya kila mlango. Hakuwa mmbeya, lakini alijua yote. Alisoma ngazi za milango kama wengine wanavyosoma gazeti. Chupa tatu zikiwa mbili, binti ameondoka kwenda Swansea. Chupa moja ikiwa mbili, mgeni anatarajiwa. Chupa za jana zikiwa bado nje, piga hodi haraka. Kwa Glyn, mtu alikuwa anakaa pale anapokunywa maziwa, basi, na hakuna mjadala. Siku moja ofisa wa sensa alimwambia kwamba nyumba ya akina Rees ina watu sita, naye akacheka hadi akapata kikohozi. "Wanne," alisema. "Na mmoja wao anakunywa ya mbuzi."

Binti wa mtu huyo aliishia kuwa mshenga. Si wa ndoa. Ofisini kwao alikuwa anaoza rekodi. Kodi ilijua mtu anapata nini. Rekodi za posho na pensheni zilijua anapewa nini. Lakini hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliyejua kwa uhakika mtu huyo analala wapi, na kwa hilo waliegemea rejista ya wagonjwa, yaani kitabu ambamo kila daktari huandika watu wake na anwani zao, kwa imani kwamba mtu anaweza kuidanganya serikali lakini si daktari wake. Meinir alizileta rekodi hizo pamoja, akazilazimisha zipatane, akazikusanya nyumba kwa nyumba, na mwisho wake kila kijiji kikapata namba moja: kipato cha kaya ya kawaida. Majina yalikuwa yamefutwa kabla ya kumfikia. Mbele yake zilipita tarakimu ndefu zisizo na uso. Alikuwa mshenga wa watu asiowajua, na kuwatafuta lilikuwa kosa la kumpeleka mahakamani.

Kwa hiyo alasiri ile alifungua tu lile jedwali ambalo hata Dilwyn angeweza kulifungua. Cwm-y-Frân: nyumba mia tatu na themanini. Watu wazima mia tisa thelathini na wanne. Kipato cha kaya, pauni elfu sabini na nane kwa mwaka.

Alikitazama kioo cha kompyuta. Alikijua kijiji kile. Mtu pekee aliyekuwa na gari jipya pale alikuwa ni mchungaji, na gari lenyewe si lake.

Akaenda kwa bosi wake, Gethin, mtu mpole aliyevaa soksi za rangi mbili tofauti kwa kusudi.

"Lazima nikiri kwanza," alisema Meinir. "Mama yangu anakaa huko."

"Nimekusikia. Nitaandika. Haya, kosa liko wapi?"

"Sijui. Lakini hiyo namba ni ya uongo."

"Kwa sababu mama yako si tajiri?"

"Kwa sababu mama yangu anakata sabuni vipande viwili, Gethin."

"Sabuni siwezi kuiweka kwenye ripoti," alisema Gethin. "Mahesabu nimeyapitia mimi mwenyewe, ni safi. Niletee sababu. Sababu ya nje ya rekodi, maana ndani ya rekodi wewe hutagusa kijiji chako, unalijua hilo. Halmashauri inapitisha bajeti tarehe ishirini na tisa Machi. Baada ya hapo hata tukisema kijiji hakipo, basi litakuwa limeshakwenda."

Meinir alipekua wiki mbili, vijiji vya jirani na vya mbali, na hakupata kitu. Alitoka mikono mitupu. Mama yake alimpigia kila jioni kumuuliza kama ameshapunguza utajiri. Gego nalo halikungoja bajeti.

Bahati nzuri, Jumamosi ya pili ya Machi ilikuwa siku yake kwa Prosser.

Prosser ndiye daktari wa meno wa bonde lile, wa serikali, wa bei ya serikali. Mtu aliyemshika Prosser hamwachii. Cardiff foleni ya daktari wa namna yake ilikuwa ya miaka mitatu, na walioshindwa kungoja waling'oana wenyewe kwa koleo, au walilipa pauni mia tisa kwa jino moja. Sharti la Prosser lilikuwa moja: hachukui mtu asiye na daktari wa kawaida hapo hapo bondeni. Basi Meinir alibaki kwenye kitabu cha daktari wa Cwm-y-Frân, anwani kwa mama, ingawa hajalala pale wiki nzima tangu akiwa na miaka ishirini na mbili. Na kila miezi sita alipanda mlima kukaguliwa meno, na kwa kuwa ameshafika, akanywa chai.

Saa nne kasoro dakika kumi alisukuma mlango wa Prosser akiwa amelishika shavu.

Viti vyote vilikuwa vimejaa. Kwenye kona alikaa Rhodri Beynon, mwana wa Nesta, mwanasheria wa London, akisoma kitu kwenye simu ya thamani. Karibu naye pacha wawili wa akina Rees, mmoja wa benki Bristol na mwingine wa dawa za ng'ombe Hereford. Tegid wa Dilwyn, rubani, alikuwa na sanduku la magurudumu, lenye kibandiko cha uwanja wa ndege wa Dubai.

"Meinir wa Maziwa," alisema Rhodri. "Na wewe bado uko hapa?"

"Niko wapi?"

"Kwa Prosser."

"Miaka yote. Na wewe Tegid, umetoka Dubai kuja kung'arishwa meno?"

"Unajua huko wanatoza ngapi?" alisema Tegid. "Tiketi napewa bure. Mama kaniandika kwake tangu mwaka elfu mbili na nane. Kwa kitabu, mimi bado nalala chumba cha juu na bango la timu ya raga."

Wakacheka wote, hata pacha wa benki. Meinir pia alianza kucheka, kisha mdomo ukabaki wazi. Alimwangalia mwanasheria. Alimwangalia rubani. Alihesabu waliokaa: kumi na mmoja, na katika hao kumi na mmoja hakuna hata mmoja aliyeamkia bondeni asubuhi ile. Nje, mbele ya kibanda cha kuku cha Dilwyn, yalikuwa yameegeshwa magari ya thamani kuliko kijiji. Rejista ya wagonjwa! Mshahara wa London umelala chumba cha juu kwa Nesta. Mshahara wa Dubai uko kwa Dilwyn mwenye kuku. Na mshahara wa ofisa wa takwimu wa miaka kumi na tisa umelala kwa Eluned Probert, pamoja na wa kaka yake Iestyn, fundi wa mitambo ya upepo katikati ya Bahari ya Kaskazini, ambaye naye ni wa Prosser.

Aliona aibu hadi masikio yakawaka. Miaka kumi na tisa anaoza rekodi za watu, na ya kwake mwenyewe ilikuwa ya uongo.

"Fungua," alisema Prosser dakika ishirini baadaye. Akachungulia, akaguna. "Hili ni la mizizi. Leo nalifunika kwa dawa ya muda. Rudi mwezi wa tano tulimalize."

Mkutano wa kijiji, aliouitisha Meinir, ulikuwa Jumatatu iliyofuata katika ukumbi wa kanisa, saa kumi na moja, wenye mkate wa zabibu na chai nyeusi kama lami. Walikuja watu tisini, wengi wao akina mama. Meinir alisimama mbele akawaeleza kwa maneno ya kawaida: kwamba kila mtoto aliyeandikwa nyumbani anauongeza mshahara wake juu ya pensheni ya mama yake, na kwamba jumla yake ndiyo inayoliua basi. Kwamba ikipatikana hesabu ya kweli ya wanaokaa, na watoto wakianza kujiondoa, ofisi itaandika kuwa namba ya Cwm-y-Frân haiaminiki.

Kila mama alikuwa akiangalia kikombe chake.

"Kwa hiyo," alisema Nesta Beynon hatimaye, "unataka nimtoe Rhodri kwa Prosser."

"Rhodri anaweza kumlipa daktari yeyote London, Bi. Nesta."

"Nani kasema habari ya kulipa?" Nesta aliweka kikombe chini. "We mtoto, na hesabu zako zote. Rhodri anakuja hapa mara mbili kwa mwaka. Machi na Septemba. Unajua kwa nini Machi na Septemba? Usinitazame hivyo. Si kwa ajili ya sikukuu yangu ya kuzaliwa. Sikukuu yangu ni Juni, naletewa maua na mtu wa duka."

Dilwyn alisafisha koo akasema kwamba Tegid pia, Tegid naye ni hivyo hivyo, Machi na Septemba. Mama wa wale pacha alitoa leso. Meinir alibaki amesimama na kalamu yake. Alikuwa ameyapanga yote isipokuwa hilo. Hakutaka kumwangalia mama yake.

"Basi tuchague," alisema Nesta. "Basi la kutupeleka mjini, au Prosser wa kutuletea watoto. Mimi nakaa na Prosser. Nitatembea kwa miguu."

"Na hiyo nyonga yako?" sauti iliuliza kutoka nyuma. "Utafika daraja la kwanza, tukuokote na toroli."

Ni Eluned. Alikuwa amevaa kofia yake ya mazishi, ambayo huvaa pia anapotaka ushindi.

"Usinitukane mbele za watu, Eluned."

"Sikutukani, shoga. Nakwambia. Mimi nina wawili kwenye kitabu, na huyo mmoja anatupozea chai hapo mbele. Kila miezi sita anakuja, anakaa saa moja na nusu, anaangalia saa yake mara nne. Nimehesabu, kwetu ni mahesabu matupu." Akamgeukia binti yake. "Mtoe Meinir. Andika. Kama hawezi kuja bila kuchimbwa meno, asije. Lakini mimi Jumanne nakwenda mjini na basi, na sihamii kwenye nyumba ambayo bomba lake linatema."

Aliketi. Ilichukua muda, na vikombe viwili vya chai kila mtu, kabla mkono mwingine haujainuka. Ulikuwa wa Dilwyn.

Hesabu ilifanywa na Leri wa Maziwa, aliyeirithi njia ya Glyn pamoja na kikapu chake. Katika Cwm-y-Frân hakuna anayethubutu kununua maziwa ya plastiki mjini, au kama ananunua anayaficha chini ya kabichi, kwa hiyo Leri aliijua kila ngazi. Alipita siku mbili na daftari, akiuliza swali moja mlangoni: hapa wanakunywa watu wazima wangapi? Hakuandika jina hata moja. Alipomaliza alimpa Meinir karatasi yenye namba moja: watu wazima mia sita sabini na wanne.

Gethin aliiweka karatasi ile kando ya jedwali.

"Mia tisa thelathini na nne toa mia sita sabini na nne," alisema.

"Mia mbili na sitini."

"Watu mia mbili na sitini wanaokaa bondeni na hawanywi maziwa." Gethin alikuna kidevu. "Lakini Meinir, siwezi kuandika kwenye ripoti ya ofisi kwamba chanzo ni muuza maziwa."

"Aliyewahi kuwa sahihi kuliko sensa."

"Nitaandika, 'uchunguzi huru wa nyumba kwa nyumba.'"

"Andika unavyotaka. Na andika pia kwamba mmoja wa hao mia mbili na sitini alikuwa mimi."

Gethin aliandika. "Hilo litakaa kwenye faili lako," alisema.

"Likae."

Siku hiyo hiyo alijaza fomu ya kuhamisha anwani. Ilikuwa fupi ajabu. Tarehe ishirini na sita tangazo likatoka kwamba namba ya Cwm-y-Frân isitumike mpaka itengenezwe, na tarehe ishirini na tisa halmashauri, kwa uso wa mtu aliyekanyagwa kidole, ikaliacha basi namba 62. Katika miezi iliyofuata watu mia moja arobaini na mmoja walijiondoa kwenye kitabu. Wengine mia na kumi na tisa bado wanakaa bondeni hadi leo, na wana meno mazuri sana.

Mwezi wa tano ulipita bila Prosser. Dawa ya muda ilitoka Julai, ndani ya tofaa. Meinir alijiandikisha kwenye foleni ya Cardiff akaambiwa yuko nafasi ya elfu nne na kitu. Faili lake lilipata karatasi yake; cheo alichokuwa anakisubiri alipewa mtu mwingine, kijana mwenye adabu, na Meinir alimpongeza kwa upande wa kulia wa mdomo.

Mama yake aliendelea kupiga simu, lakini simu zilikuwa zimefupika. Zamani alikuwa na barua za kumsomea: ya Prosser, ya macho, ya chanjo, zote zilifika mlimani, naye alizifungua bila haya na kumsomea moja moja hadi sahihi. Sasa zilikwenda Cardiff.

"Posta imepita," alisema siku moja ya Agosti. "Hakuna chako."

"Najua, Mama."

"Nakwambia tu. Hakuna."

Kisha akamsomea tangazo la viatu, lote, pamoja na bei.

"Na Iestyn?" Meinir aliuliza. "Fomu yake alishaijaza?"

Eluned akarudia bei ya viatu.

"Mama. Ulimtoa Iestyn kwenye kitabu?"

"Iestyn ni mtu wa baharini," alisema Eluned. "Mtu wa baharini anahitaji meno."

"Kwa hiyo mshahara wote wa Iestyn bado uko kwako."

"Uko chumba cha nyuma, haunisumbui. Usiende kuwaambia."

Meinir, ofisa wa takwimu, hakumwambia mtu.

Jumamosi ya pili ya Septemba aliamka saa kumi na mbili kwa mazoea. Miaka ishirini na nne siku hiyo imekuwa ya Prosser. Alikaa ukingoni mwa kitanda akipitisha ulimi kwenye shimo. Hakuwa na miadi. Hakuwa amealikwa, na hakuwa amempigia mama yake kumwambia, kwa sababu hakujua angesema anakwenda kufanya nini. Akavaa, akatia gari moto, akashika njia ya bondeni.

Alipita kwa Prosser. Mbele yake palikuwa na nafasi nyingi za kuegesha, na kuku wa Dilwyn walikuwa wanazitumia. Mbele ya nyumba ya Nesta Beynon kulikuwa na gari la London, akafurahi kuliko alivyotazamia. Alisimamisha gari kwenye geti la nyumba ya mwisho, ambako upepo ulimfungulia mlango wa gari kabla hajaufungua mwenyewe, akashuka.

Ilikuwa saa tatu na robo. Leri hupita mlimani kabla ya saa kumi na mbili, na maagizo yake anayachukua tangu jana yake. Eluned Probert, mjane, hunywa chupa moja kwa siku mbili.

Kwenye ngazi ya mlango zilikuwepo mbili.

Meinir alizihesabu tena, kama alivyofundishwa na baba yake. Kisha akaziokota zote mbili, akasukuma mlango kwa goti, na kutoka jikoni mama yake akasema, bila kugeuka, kwamba amechelewa, na kwamba supu ni laini.